Bi Mkubwa wa Tangi la Kioo

Mwanangu Sauda,

Salamu sikuandikii. Tumesalimiana baada ya sala ya Isha, na sasa hivi nakusikia unakoroma chumba cha pili. Miaka yote unabisha kwamba hukoromi. Leo ushahidi ninao, ila wa kumsikilizisha sina, maana mama yako naye amelala. Barua hii nitaitia mfuko wa mbele wa begi lako, ule wenye zipu mbovu niliyokuahidi kuitengeneza tangu juzi. Usiisome garini. Isome ukishafika Mwanza, ukishaoga, ukishakula.

Ya shuka, ya dawa ya kifua, ya kutonunua mishikaki ya stendi, mama yako amekwisha kukuambia, na alfajiri atakuambia tena. Mimi siyagusi. Nimekaa kuandika kwa sababu nikiacha kalamu nitainuka, na nikiinuka nitakwenda kufanya jambo nisilotaka kulifanya. Jambo lenyewe nitakuambia mwishoni. Kwanza acha tuzungumze habari za Bi Mkubwa.

Taa yake nimeizima kwa wakati wake, siku hizi nimejifunza. Lakini nimemmulika kwa tochi ya simu zaidi ya mara moja, Mungu anisamehe. Yumo humo, kimya, kaling'ang'ania jiwe lake. Mgeni akiingia sebuleni haoni kitu, anaona majani ya kijani kizito chini ya maji na visamaki vyako vinapita. Mpaka akae, ainame kidogo, mwanga uingie kwa ubavuni, ndipo anapoona ile zambarau na ile bluu inayopita juu ya jani, kama shingo ya njiwa. Wangapi wamekunywa chai mbele ya tangi lile wakaondoka bila kumwona? Mimi mwenyewe ilinichukua muda mrefu, na nilikuwa namtazama kila siku.

Unakumbuka alivyokuja. Wewe ulikuwa kidato cha nne. Bi Farida, yule mwenye nyumba ya wageni ya upande wa ufukweni, alikuwa anahama na anauza vitu vyake, akaniita nimtengenezee friji lipate mnunuzi. Nilipomaliza akanipa kifuko cha plastiki chenye maji, ndani yake kijiti kinene kama kidole cha tangawizi, na majani machache juu yake. Akaniambia mmea huu kwao ni Asia ya mbali huko, unakaa kwenye mito, unashika mawe. Akataja jina lake refu ambalo sikulisikia vizuri. Kisha akasema, "Fundi, usimfukie. Usimhamishehamishe. Na usimharakishe, jani moja litakuchukua wiki na wiki." Mimi nikaitika naam, naam, huku akili yangu yote iko kwenye bomba la gesi lililokuwa linavuja. Mafundi ndivyo tulivyo. Mtu akisema nasi tunasikiliza mashine.

Nikafika nyumbani nikafanya nini? Nikamfukia. Mimi nimekulia Mlingotini, nyuma ya jiko la bibi yako, kwenye manjano na tangawizi. Mtu wa kwetu ukimpa kidole chenye macho kama kile, hakuulizi. Anachimba, anatia, anafunika, anapiga na kiganja, bismillahi, basi. Nami nikakizika kidole chote kwenye mchanga wa tangi, nikaupapasa mchanga vizuri, nikaona nimemtendea haki. Wewe ulipotoka shule ukauliza, "Baba, mbona hana shingo?" Nikacheka. Baada ya siku chache maji yakaanza kunuka. Ulipomfukua nusu yake ilikuwa imelainika kama ndizi iliyooza, na ni wewe uliyechukua wembe wangu ukaikata ile nusu mbovu.

Hapo ndipo ulipompa jina. Ulisema huyu si mmea, huyu ni bi mkubwa wa nyumba, anakaa juu ya kiti chake, hataki kuvutwa, hataki kusukumwa, na ukimkosea hasemi, ananuna tu. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Alidhani unamsema yeye.

Nimeinuka kidogo. Nimerudi. Nilikwenda kusikiliza kama kompresa ya friji la mteja imezima kule karakanani. Imezima, kama ilivyokuwa imezima nilipokwenda mara ya kwanza.

Ukamfunga kwenye kijiwe kwa uzi, na ingetosha. Lakini mimi sikukipenda kijiwe chako. Nikapanda baiskeli hadi pwani ya Kaole, nikaokota mawe ya matumbawe meupe, yenye vitundu, mazuri kabisa, nikayapanga humo ndani kama mtu anayejenga msikiti. Nikamfunga Bi Mkubwa juu ya lile zuri kuliko yote. Nikawaita mje kutazama. Mama yako akatazama, akaniuliza, "Baba Sauda, sisi chokaa tunachoma kutoka kwenye nini?" Nikayatazama mawe yangu. "Basi bibi wa watu umemweka kwenye chokaa," akasema, akarudi zake jikoni. Aliyejua alikuwa yeye, na alijua kwa sababu kila mtu hapa anajua, hata mimi nilijua. Nyumba tunayokaa imejengwa kwa chokaa hiyo. Nilijua ila sikufikiri, kwa sababu nilikuwa nimeshafurahi.

Majani yakayeyuka. Hayakukauka wala hayakuanguka. Yaliyeyuka, yakawa matundu, kisha nyuzi, kisha hakuna. Kikabaki kidole kitupu, cheusi, cha aibu. Nikakitoa nikakitupa kwenye beseni la maji machafu pale uani, nikasema mmea gani huu, bora nipande mchicha. Wewe ukachutama penye lile beseni, ukatia mkono, ukakitoa. Ukakibonyeza kati ya kidole gumba na cha shahada, ukanyoosha mkono kunipa. "Baba, kibonyeze. Bado kigumu."

Nikakibonyeza. Kilikuwa kigumu kweli.

Ukamfunga tena, safari hii kwenye kokoto nyeusi iliyobaki tulipojenga choo, mawe yale ya kutoka Lugoba. Maji ya kisima ukayakataa kwa kuwa yana chumvi, ukawa unakinga ya mvua kutoka kwenye bati. Nawe ulikuwa mtoto wa shule tu. Mimi ni fundi, nina karakana, ukutani nimeandika kwa rangi nyekundu haraka haraka haina baraka ili wateja wasinisumbue. Nimeiandika mwenyewe kwa mkono wangu.

Nikuambie kilichonitesa wakati ule, kwa sababu ndicho kinachonitesa usiku huu. Kazi yangu yote ni vitu vilivyonyamaza. Friji likinyamaza, naletewa. Nalifungua, natafuta, napata, linanguruma tena. Nimelisha nyumba hii kwa mkono usioweza kukiacha kitu kilichonyamaza. Sasa ukaja mmea ambao kazi yake yote ni kunyamaza. Wiki inapita, hakuna jani. Mwezi, kichipukizi kimoja chenye rangi ya chai ya rangi, kimejikunja, hata hakitaki kufunguka. Nikawa namwachia taa usiku kucha apate nguvu. Majani mapya yakaota utando wa kijani, ukawa unayafuta kwa kidole moja moja. Nikaacha taa, nikahamia kwenye mizizi. Kila jioni nikirudi natia mkono ndani ya maji, namwinua kidogo tu, nione kama ameshika jiwe. Ukawa unaniambia, "Baba, muache apumue." Nami nakujibu simgusi, naangalia tu.

Siku moja nilimwinua nikasikia ameshika. Kulikuwa na kitu kinachonivuta kule chini, kidogo sana. Nikafurahi! Alikuwa ameshika kweli, mwanangu, mizizi midogo kama nywele imejipachika kwenye kokoto. Na mimi kwa furaha yangu nikavuta zaidi kidogo, nihakikishe. Nywele zile zikabaki kwenye jiwe, naye akabaki mkononi mwangu.

Hilo sikukuambia siku ile. Nilimfunga tena kimyakimya, ukaona uzi umebadilika, hukuuliza.

Umeme umekatika. Ngoja niwashe taa ya kuchaji.

Sasa tuje kwenye Tanga. Katika nyumba hii hatujawahi kuitamka Tanga tangu uliporudi. Watu wakiuliza tunasema Sauda alipumzika kidogo. Mimi mtaani nilijigamba kabisa: uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sikuweza kumwacha mwanangu anateseka. Watu wakanisifu. Wewe ulikuwa unapita na ndoo ya maji, ukasikia.

Ulikuwa na wiki tatu tu pale chuo cha uuguzi. Ukapiga simu usiku unalia. Chakula kibaya, kitanda cha juu, wenzako wote wanajuana, mwalimu amekukemea mbele ya darasa. Ulilia sana, Sauda, na mimi nilisimama pale uani na simu sikioni, nikatamani ningeweza kupita ndani ya waya. Alfajiri sikumuaga hata mama yako vizuri. Nikapanda gari la Msata, Msata nikapanda basi la Tanga, adhuhuri niko getini.

Nikakuona kabla hujaniona. Hili hulijui, na ndilo nililokaa usiku huu kukuandikia. Ulikuwa umekaa kwenye ngazi za bweni, kati ya miguu yako kuna msichana mmoja mnene mwenye kicheko kikubwa, unamsuka. Alisema kitu, nawe ukamgonga kichwani kwa kitana, mkacheka nyote wawili. Nilikuona ukicheka. Nilisimama pale getini kwa muda wa kutosha kabisa kuelewa nilichokuwa nakiona.

Kisha nikakuita.

Ulikuja mbio, ukasema, "Shikamoo baba," na sura yako ikabadilika. Nikasema, "Marahaba mwanangu, nimekuja kukuchukua." Ukatazama nyuma kwa yule mwenzio aliyesukwa nusu kichwa. Ukasema, "Lakini baba, jana nilikuwa nalia tu." Nami nikasema nenda kachukue vitu vyako. Msimamizi wa bweni nikamwambia kuna shida ya nyumbani. Wewe ni mtoto uliyefunzwa adabu, hukuweza kubishana na baba yako mbele za watu, na mimi adabu yako hiyo nikaitumia. Njia nzima hukulia. Nilikununulia machungwa pale Segera, ukayashika mapajani mpaka tukafika nyumbani.

Nimefikiri sana kwa nini nilikuita. Ningeweza kurudi. Ningekunywa chai Tanga, nikapanda basi, mambo yakaisha. Nadhani niliogopa. Usiku nilikuwa nimejiona mtu ninayehitajika, na pale getini nikaona sihitajiki, basi nikafanya niwe nahitajika. Siwezi kulisema vizuri zaidi ya hapo. Nafasi ile ya chuo ikapotea, na yule msichana mwenye kicheko sijui hata jina lake.

Ulinipa adhabu moja tu. Kesho yake asubuhi nilikuta tangi limefunikwa kwa khanga ya mama yako. Ukaniambia, taratibu kabisa, "Baba, naomba huyu usimguse mpaka nikuruhusu." Nilidhani unatania. Kila asubuhi ulimfunua mwenyewe, kila jioni ukamfunika mwenyewe, na mimi mwenye nyumba nikawa napita mbele ya tangi langu mikono nyuma kama mgeni.

Bi Mkubwa alipotoa lile ua, miezi mingi baadaye, jeupe, dogo, limefunguka humohumo ndani ya maji, uliniita. Ulinishika mkono ukanikalisha chini. Nikatazama jiwe, sikuliona jiwe. Alikuwa amelifunika lote. Nikataka kukuambia haya yote siku ile, nikasema, "Mashaallah, kumbe anaweza." Ukajibu, "Akiachwa." Nikaenda zangu karakanani, nikajifanya natafuta bisibisi.

Miaka miwili umekaa hapa. Umenishikia tochi nikichomelea mabomba, umemsaidia mama yako dukani, umekuwa mtoto mwema kuliko ninavyostahili. Kisha ukaomba chuo tena bila kuniambia. Jibu likaja, Mwanza. Nilipouliza kwa nini mbali hivyo, ulisema ndiko ulikopata. Huenda ni kweli. Lakini usiku huu nafikiri uliitazama ramani na kujiuliza ni wapi ambapo baba hawezi kufika kabla ya adhuhuri. Kama ulifanya hivyo, ulifanya akili. Sikukasirika. Nimeumia kidogo, lakini sikukasirika.

Naogopa, Sauda. Sikuogopi wewe, wala siogopi Mwanza. Najiogopa mimi. Najua utapiga simu unalia, wiki ya kwanza au ya pili. Majani yote uliyoota hapa yatayeyuka. Maji ya kule si maji yetu, hata salamu zao si zetu, na utajiona umebaki kijiti kitupu. Nami nitasimama uani na simu sikioni, na gari la Msata litapita barabarani linapiga honi.

Kwa hiyo tukubaliane, mimi na wewe tu. Usiku ule wa Tanga ulilia, lakini hukusema njoo. Nimeirudia simu ile kichwani mara nyingi sana, neno hilo halimo. Basi ukilia, lia, mimi nitakaa nawe kwenye simu hadi salio liishe, nitanunua jingine, sitakuuliza mengi, sitatafuta viatu vyangu. Ukisema "baba njoo," nitakuja hata kwa miguu, na sitakuuliza kwa nini. Bila neno hilo siji. Nimemwambia mama yako jioni hii ayafiche makubazi yangu akiona nayatazama. Amesema atayachoma.

Na kama siku moja nitakuja kukutembelea tu, nikafika getini, na wewe unamsuka mtu, nitasubiri mpaka umalize kichwa chote.

Sasa lile jambo la kukuambia mwishoni. Nilipommulika Bi Mkubwa nikaona pengo. Upande wa kushoto wa kokoto pamekatwa, safi, kwa wembe, na wembe wangu umerudishwa mahali pake umefutwa. Nikaja kwenye begi lako pale mlangoni, nikakuta chupa ya jemu imefungwa kwenye taulo. Nikaimulika. Kipande chake kimo humo, kimefungwa kwenye kijiwe kwa uzi mweusi wa mama yako. Kumbe unaondoka naye, na hukuniomba, wala hukuwa na haja ya kuniomba.

Nimekaa na ile chupa mkononi muda mrefu. Uzi naona kama umelegea. Maji naona umetia kidogo. Kifuniko, sijui umekikaza au hukukikaza, na barabara ya Msata unaijua. Nilitaka kukifungua tu, niangalie, nimbonyeze kidogo nione kama ni mgumu. Ndipo nikaja kutafuta kalamu.

Muadhini wa alfajiri hajaadhini, lakini jogoo wa jirani ameanza fujo zake. Nitakuamsha, nitakusindikiza hadi kituoni, gari likiondoka nitarudi nyumbani. Nisamehe, mwanangu. Mungu akutangulie.

Chupa nimeirudisha kwenye taulo lake kama ulivyoiweka. Kifuniko sikukifungua. Nilichotengeneza ni zipu tu.

Baba yako